Ajira Zilizo Nje ya Mstari wa Chaki

Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika Iten, mji mdogo ulio kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wavulana ya St Patrick's. Hakuwa amewahi kuwa kocha wa riadha, wala hakuwa na cheti chochote cha kazi hiyo. Aliyekuwa akiwanoa wanariadha wa shule ni mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji maarufu Brendan Foster. Foster alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Miaka 12 baadaye, katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, kijana aliyepita shuleni hapo, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1500 akiwa na umri wa miaka 21. Na mwaka 2012, jijini London, David Rudisha aliyenolewa na bruda huyo huyo alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 na kuweka rekodi ya dunia.

Habari za Iten hupendwa sana Afrika Mashariki, na wapo wanaozitumia kama ushahidi kwamba michezo haina haja ya darasa. Wanakosea. O'Connell alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kocha. Alijua kumsoma mtoto, kupanga somo, kurudia hatua moja mpaka ieleweke, na kungoja matunda kwa miaka. Alichopungukiwa upande wa riadha alikisaka kwa kuuliza, kwa kusoma na kwa kuwatazama vijana wakikimbia siku baada ya siku. Mwaka 1989 alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo, na baadhi ya waliopita humo walikuja kuvaa jezi ya taifa. Alijifunza kazi akiwa kazini, katika zama ambazo hakuna aliyemdai leseni.

Zama hizo zimekwisha. Leo kijana wa Kahama au Kakamega anayetaka kuishi kwa michezo atadaiwa makaratasi kabla hajakalia benchi la timu, na mara nyingi atagundua hilo akiwa ameshachelewa, kwa sababu shuleni hakuna aliyemweleza kwamba kazi hizi zipo, zina vyuo vyake na zina ngazi zake.

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko zinavyoonekana kwenye televisheni. Siku ya mechi kubwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, watu wapatao 60,000 huenda kuwatazama wachezaji 22. Pembeni mwa mstari wa chaki wamo kocha mkuu na wasaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, mchua misuli, mtunza vifaa na mtu aliyekaa na kompyuta akichambua picha za mchezo. Wamo waamuzi, kamishna wa mechi, ofisa usalama, ofisa habari wa klabu, watangazaji, wapiga picha na mafundi wanaotunza nyasi. Mchezaji akiumia goti akiwa na miaka 24, safari yake inaweza kukoma hapo hapo. Wengi wa hao wa pembeni wanaweza kuifanya kazi yao mpaka uzeeni.

Wa kwanza katika mlolongo wa kazi hizi hayupo uwanjani siku hiyo, maana kazi yake aliimaliza miaka 10 au 15 nyuma. Ni mwalimu wa elimu ya viungo.

Kwa watu wazima wengi wa Tanzania, elimu ya viungo ni kumbukumbu ya mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo za kukimbilia na vumbi la uwanja wa shule. Wengine wanakumbuka mazoezi ya halaiki kabla ya sherehe za kitaifa. Hayo yote yana thamani yake, ila somo lenyewe limebeba mengi zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara nzima ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na fani za aina hiyo hufundishwa pia Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya na Kyambogo nchini Uganda. Mwanafunzi wa fani hii husoma anatomia, apate kujua kwa nini mtoto wa miaka 10 habebeshwi vyuma vya mtu mzima. Husoma fiziolojia ya mazoezi, aelewe kinachotokea moyoni na mapafuni mtu anapokimbia, na kwa nini mazoezi ya saa saba mchana kwenye jua la pwani ni hatari. Husoma namna mwili unavyojongea, saikolojia ya mashindano, huduma ya kwanza, uongozi wa michezo, na jinsi ya kumshirikisha mtoto mwenye ulemavu bila kumwacha akikaa chini ya mti kuangalia mabegi ya wenzake. Halafu hutoka nje kufanya kwa vitendo: riadha, jimnastiki, kuogelea, michezo ya mpira.

Ujuzi huo una kazi ya kila siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, kwa kiwango cha kumfanya aheme. Upo pia mpango wa kupasha mwili moto uliotayarishwa na wataalamu wa FIFA, unaochukua dakika zipatazo 20, na tafiti zimeonyesha kwamba timu zinazoufuata kwa uaminifu hupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi. Hauhitaji mashine yoyote. Unahitaji mtu anayejua kuuongoza.

Asiyetaka au asiyeweza kwenda chuo kikuu moja kwa moja ana njia nyingine. Katika wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya michezo. Hapo husomwa ufundishaji na uongozi wa michezo kwa ngazi za cheti na stashahada. Mkoa huo huo una Chuo cha Ualimu Butimba, chenye jina la siku nyingi katika kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Kwa Tanzania, vyuo vya ngazi hiyo husimamiwa na NACTVET, ambayo kwa kawaida humtaka mwombaji wa ngazi ya kuanzia awe amefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, ukiacha masomo ya dini. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na mwombaji wa kidato cha sita hutakiwa kuwa na alama kuu mbili zinazofikisha jumla ya pointi 4.0, pamoja na masharti ya kozi yenyewe. Kenya nayo ina hatua moja isiyokwepeka: huwezi kuajiriwa kufundisha mpaka Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikusajili, na mwalimu wa sekondari huandaliwa kwa masomo mawili. Kwa hiyo anayechagua elimu ya viungo huibeba pamoja na biolojia, jiografia, Kiswahili au somo lingine.

Hilo la somo la pili lipewe uzito, maana ndilo linaloamua hatima ya walimu wengi. Shule ikiwa na upungufu wa walimu wa biolojia, mwalimu wa elimu ya viungo hugeuzwa wa biolojia kutwa nzima, na kipindi cha michezo kinabaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Karibu na mitihani, kipindi hicho ndicho cha kwanza kuazimwa na hesabu, na hakirudishwi. Tanzania imewahi kwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, mashindano ambayo kwa muda mrefu ndiyo yaliyokuwa yakiwaibua vijana kutoka vijijini, yakanyamaza. Yalirudi baadaye, lakini mwaka mmoja wa mtoto aliye na miaka 14 haurudi. Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na timu za taifa zililipa sehemu yake.

Mwelekeo wa sasa unatia moyo kuliko ule. Mtaala mpya wa Tanzania, ulioanza kutumika shuleni Januari 2024, umeweka sanaa na michezo katika elimu ya msingi, na katika mkondo wa amali wa sekondari umeifanya michezo kuwa moja ya fani ambazo mwanafunzi anaweza kuzisomea, kama anavyosomea ujenzi, umeme au kilimo. Kenya, kwa upande wake, imegawa elimu ya sekondari ya juu katika mikondo mitatu, na mmoja ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza la darasa la 10 lilipangiwa kuanza Januari 2026. Hii ina maana kwamba nchi zote mbili zinahitaji walimu waliosomea michezo, na zinawahitaji sasa. Shule ikifungua mkondo wa michezo kisha ikamkabidhi mwalimu yeyote aliyewahi kucheza mpira, itakuwa imemdanganya mtoto.

Kutoka shuleni, njia inayojulikana zaidi ni ya ukocha. Katika soka, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, limepanga leseni kwa ngazi: D, C, B, A, na ya juu kabisa inayoitwa Pro. Ngazi ya D ni ya wanaoanza na wanaofundisha watoto. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyoruhusiwa kushika timu kubwa zaidi. Kozi huandaliwa na mashirikisho ya nchi, kama TFF ya Tanzania na FKF ya Kenya, na zina darasa, vitendo na mitihani. Mtu haruki kutoka chini kwenda juu. Baada ya kozi hutakiwa kurudi kufanya kazi na timu kabla ya kuomba ngazi inayofuata, na leseni ina muda wake, hivyo kocha hurudi darasani kuihuisha. Katika mashindano ya klabu ya CAF, kocha mkuu asiye na daraja linalotakiwa hana nafasi kwenye benchi, hata kama mashabiki wake wanaujaza uwanja.

Tanzania ina mifano ya karibu ya makocha wazawa waliofika mbali. Mwaka 2022 Bakari Shime aliiongoza timu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa India. Ilikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Waliwafunga Ufaransa mabao 2-1, wakatoka sare na Canada, na kufika robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia. Agosti 2025, CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, Taifa Stars ilikuwa mikononi mwa Hemed Suleiman, mashabiki wakimwita Morocco, na ikafika robo fainali. Wasichana wale hawakufundishwa kupiga pasi wakiwa India. Nyuma yao kulikuwa na walimu na makocha wa mitaani ambao majina yao hayakusomwa na mtangazaji yeyote.

Riadha nayo ina ngazi zake zinazosimamiwa na shirikisho la dunia, World Athletics, zikianzia kwa makocha wa watoto na vijana. Kwa miaka mingi Nairobi ilikuwa na kituo cha kanda cha kuwafunda makocha, na aliyekiongoza ni Ibrahim Hussein, Mkenya aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1987 na ya Boston mara tatu, 1988, 1991 na 1992.

Waamuzi wana safari yao, na pengine ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Mtu huanza kwa kozi ya wilaya, anachezesha ligi za mitaa, anapanda mkoa, taifa, na wachache huingia orodha ya FIFA, ambayo hupitiwa upya kila mwaka. Sheria 17 za mchezo ni sehemu tu ya mtihani. Katika jaribio la mwili linalojulikana kwa waamuzi wa kati wanaume wa kimataifa, mtu hukimbia mita 40 mara sita, kila mara ndani ya sekunde 6.0. Kisha hukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, akirudia hivyo mara 40, sawa na mizunguko 10 ya uwanja. Akichelewa, hachezeshi. Wanaomzomea refa kwamba hajui kazi wangefanya vizuri kulijaribu hilo asubuhi moja.

Mwaka 2016 Jonesia Rukyaa alichezesha mechi ya ligi ya Simba na Yanga, mechi ambayo wanaume wengi wenye filimbi huiogopa. Januari 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume, akichezesha Zimbabwe na Guinea, na mwaka huo huo aliteuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Qatar. Mukansanga alisomea uuguzi na ukunga. Waamuzi wengi wa ukanda huu wana kazi nyingine ya mshahara, wakiwa walimu, askari, wauguzi au watumishi wa halmashauri, kwa sababu posho ya filimbi pekee haiwezi kulisha nyumba. Kijana anayeitaka njia hii aiingie akilijua hilo, na awe na taaluma ya pili mkononi.

Kazi za afya ndizo zenye uzito wa uhai na kifo. Juni 26, 2003, huko Lyon, kiungo wa Cameroon Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja wakati wa nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia na akafariki dunia. Alikuwa na miaka 28. Tangu hapo upimaji wa moyo kwa wachezaji na maandalizi ya huduma ya dharura uwanjani vikapewa umuhimu ambao havikuwa navyo. Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka Copenhagen moyo ukiwa umesimama, alinusurika kwa sababu waliokuwa karibu walijua la kufanya katika dakika za kwanza, na mashine ya kuushtua moyo ilikuwepo. Tofauti ya matukio hayo mawili haielezwi na jambo moja, lakini mafunzo na vifaa ni sehemu kubwa yake.

Anayetaka kuwa daktari wa timu hana njia ya mkato: ni shahada ya udaktari kwanza, kisha mafunzo ya tiba ya michezo. Fiziotherapia ina chuo chake cha siku nyingi Moshi, katika hospitali ya KCMC, na waliosoma hapo wanafanya kazi hospitalini siku za kawaida na viwanjani mwishoni mwa wiki. Hii ni moja ya fani ambazo kijana mwenye alama nzuri za sayansi na mapenzi ya michezo angepaswa kuambiwa mapema, kwa sababu hata klabu zikikosa fedha, hospitali hazikosi wagonjwa wa mgongo na magoti.

Upande wa mikataba, FIFA ilirudisha mtihani wa mawakala wa wachezaji mwaka 2023, baada ya kuufuta utaratibu wa leseni mwaka 2015. Mtihani una maswali 20 ya kuchagua, unafanywa kwa dakika 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Wa kwanza ulipofanyika Aprili 2023, waliofaulu walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Ulitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kiswahili hakimo, kwa hiyo anayeutaka uwakala aanze na lugha, kisha sheria ya mikataba. Wazazi wanapaswa kulijua hili pia: mtu anayekuja nyumbani na karatasi akidai atampeleka mtoto Ulaya aulizwe leseni yake kabla ya kupewa pasipoti ya mtoto.

Zipo pia kazi za usimamizi. Halmashauri nchini Tanzania zina maafisa michezo, na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, husajili na kusimamia vyama vya michezo. Kenya ina sheria ya michezo ya mwaka 2013, iliyoweka pia chuo cha taifa cha kukuza vipaji, na tangu 2016 ina wakala wa kupambana na dawa za kusisimua misuli, ADAK. Wakala huo unahitaji watu wa kukusanya sampuli kwa utaratibu usioacha shaka, na zaidi unahitaji waelimishaji. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Chicago ya 2024 kwa saa 2:09:56, alifungiwa miaka mitatu. Kesi za aina hiyo zimeiumiza Kenya vibaya, na kila moja inaonyesha jinsi elimu ya wanariadha na wanaowazunguka inavyohitajika kufika mpaka kwenye kambi za milimani.

Na mchezaji mwenyewe je? Mifano bora ya ukanda huu ni ya watu waliozitumia mbio kama nauli ya kwenda shule. Mike Boit alishinda shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich ya 1972, akasoma Marekani mpaka shahada ya uzamivu, akarudi kuwa kamishna wa michezo wa Kenya na profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Patrick Sang alisoma Chuo Kikuu cha Texas, akashinda fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, kisha akawa mwalimu wa Eliud Kipchoge tangu ujana wake, mpaka Kipchoge akaikimbia marathoni ya Berlin ya 2022 kwa saa 2:01:09. Sang huwataka wanariadha wake waandike kumbukumbu za mazoezi, na Kipchoge amejaza madaftari kwa miaka mingi. Suleiman Nyambui wa Tanzania, mshindi wa fedha ya mita 5000 Moscow 1980, naye alisoma Texas, huko El Paso, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, aliijenga heshima yake ya pili kwa kuanzisha shule na kwa utumishi wa muda mrefu katika Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Majeshi yamekuwa mwajiri mkubwa wa wanariadha nchini Kenya na Tanzania. Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1500 wa Mexico 1968, alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi. Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia katika marathoni ya Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu, ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Ajira ya aina hii humpa mwanariadha mshahara na muda wa kujifua, na akistaafu mbio bado ana kazi. Ni mpango mzuri, ila nafasi zake ni chache na hautoshi kuwa tegemeo la nchi nzima.

Haitakuwa haki kuzitaja njia hizi bila kusema kwamba ajira zenyewe bado ni finyu. Klabu nyingi za daraja la chini hazina fedha ya kumlipa kocha, sembuse mchambuzi wa video. Wapo wahitimu wa elimu ya viungo wanaofundisha masomo mengine, na wapo makocha wenye leseni wanaoishi kwa biashara ndogo. Serikali ikiandaa mtaala wa michezo bila kuajiri walimu wa michezo, au shule ikisajiliwa bila uwanja, mzigo wote humwangukia kijana aliyeamini. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Septemba 2023, zimeleta ujenzi wa viwanja vipya Arusha na Nairobi. Viwanja hivyo vitahitaji mameneja, mafundi wa nyasi, wahudumu wa dharura na waratibu wa mashindano kwa miaka mingi baada ya kombe kubebwa. Watu hao huandaliwa kwa miaka mitatu au minne, si kwa semina ya wiki mbili.

Kwa aliye kidato cha pili leo, la kufanya lipo wazi. Asiiache biolojia, wala asiidharau lugha ya kigeni. Ajifunze huduma ya kwanza. Ajitolee kuongoza timu ya watoto wa mtaa, achukue kozi ya uamuzi wilayani, na kabla ya kulipa ada ya chuo chochote kinachojitangaza kwa michezo, ahakikishe kimesajiliwa na NACTVET au TCU, au na mamlaka ya nchi yake. Mwenye kipaji cha kucheza acheze, na aendelee kusoma huku akicheza.

Na kwa mzazi, kuna swali moja la kupeleka kwenye kikao kijacho cha shule. Muulize mkuu wa shule ni nani anayefundisha somo la michezo, alisomea wapi, na wiki iliyopita alifundisha vipindi vingapi. Akikosa jibu, wazazi wenzako waulize pamoja nawe, na muendelee kuuliza mpaka mwalimu huyo apatikane.